Kigoda cha Biase

Kigoda kilikuwa na joto.

Porzia aliondoa mkono, kisha akaurudisha. Alikuwa amepanda kwenye chumba cha kuchorea kutafuta kitambaa cha kufutia meza, saa ile baada ya chakula ambapo mtaa wetu wote hufunga madirisha na hata mbwa hutafuta kivuli cha ukuta wakalala. Alikishika kigoda kwa bahati tu, apate kuinama vizuri. Ubao ulikuwa na joto la mwili, lile analoliacha mtu aliyekaa muda mrefu akaondoka sasa hivi. Mumewe alikuwa amelala chini. Binti yake alikuwa jikoni. Alimsikia akigonganisha sahani. Na juu ya kigoda kile hakukaa mtu tangu Kwaresima, tangu mzee Biase alipofia pale.

"Ni jua la Julai," alijiambia, akachukua kitambaa, akashuka. Alikuwa mwanamke aliyechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kuogopa vitu vidogo.

Biase alikuwa mchukuzi. Alibeba magunia ya unga kwenye vichochoro vya Napoli mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Tauni ilipopita, ilimchukulia mke na watoto wote, ikamwachia uso. Mastro Ferrante, mchoraji, mume wa Porzia, aliuona uso ule mlangoni mwa kanisa na hakuutoa tena kichwani. Ulikuwa uso uliokwisha kulia ukamaliza, ukabaki na mifereji. Watawa wa mlimani walikuwa wamemwagiza mchoro wa Mtakatifu Petro akitubu, baada ya kumkana Bwana wake na jogoo kuwika, na yeye alikuwa ametafuta Petro wake tangu vuli bila kumpata.

Basi majira yote ya baridi mzee alikaa kwenye kigoda, mikono imefumbatana, macho juu dirishani, blanketi la sufu limemfunika bega moja. Alilipwa mkate, vitunguu na sarafu kidogo. Hakulalamika hata siku moja. Ila kila kengele ilipogonga aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea mizigo ya wengine, "Bwana, ninyanyuke?" Naye Ferrante, bila kuondoa macho kwenye turubai, alijibu, "Bado kidogo."

Siku moja ya Kwaresima alikufa akiwa pale pale. Ni moyo, Ferrante aliwaambia majirani, umesimama ghafla. Wakamchukua wakamzika. Mchoro ulikamilika wiki ile ile, na haijawahi kutoka kazi kama ile mkononi mwa Ferrante. Watawa walipokuja kuutazama, mmoja wao aligeukia ukutani akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Walisema wataufuata plasta ya kanisa lao ikikauka.

Tangu siku hiyo Ferrante hakugusa brashi. Alilala na nguo zake, akaamka na nguo hizo hizo.

Baada ya kigoda ilikuja harufu. Porzia aliisikia kwenye ngazi kila mchana: kitunguu kibichi, sufu iliyolowa, jasho la mzee. Alifagia, akapiga deki kwa siki, akafungua vibao vya madirisha asubuhi nzima. Ikifika saa nane mchana, harufu ilikuwa imerudi na kukaa, kama mpangaji.

Kisha Ippolita alianza kuchoka.

Ippolita alikuwa binti yao pekee aliyebaki. Alikuwa na mikono yenye nguvu kwa kumsagia baba yake rangi tangu udogo, na mdomo usiotulia. Septemba angeolewa na fundi wa kamba wa bandarini. Sasa akaanza kukaa chini ovyo: kwenye ngazi, ukingoni mwa kisima, juu ya kapu la nguo. Akishakaa, kunyanyuka ilikuwa kazi. Zeza, mfuaji nguo aliyeishi chumba cha uani, alimkuta hivyo mlangoni, akamvuta mkono.

"Haya, bibi harusi. Umelewa, au una mimba? Sema mapema tuongeze kitambaa cha gauni."

"Nimechoka tu, mama Zeza."

"Uchovu ni wa baada ya harusi, mwanangu. Ukianza sasa utaumaliza wote, mumeo akose."

Ippolita alicheka kidogo. Lakini Zeza alipomwachia mkono, alirudi chini pale pale kama gunia.

"Miguu ni kama si yangu," alisema. "Ni kama nimeambiwa nisinyanyuke."

Mchana mmoja, nyumba ikiwa imefungwa yote na jua limepenya kwenye nyufa za vibao tu, Porzia alikuwa amejilaza kando ya mumewe bila usingizi. Akasikia juu mtu akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kifua kizee, cha mtu anayejizuia asisumbue. Alimgusa Ferrante begani.

"Umesikia?"

Ferrante alikuwa macho. Alikuwa ametazama dari, jasho linamtiririka shingoni.

"Lala," alinong'ona.

"Kuna mtu juu."

"Hakuna mtu. Lala, Porzia, nakuomba."

Hakulala. Alishuka kitandani bila viatu, akapita chumba cha Ippolita akakuta kitanda kitupu, akaanza kupanda, na kila ngazi aliyoikanyaga harufu ya kitunguu na sufu ilizidi kuwa nzito, mpaka alipofika mlangoni ikawa kama ameingiza uso ndani ya lile blanketi la marehemu. Na mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na kwa uwazi ule aliona mstari wa jua sakafuni, na mwisho wa mstari kigoda, na juu ya kigoda binti yake, amekunja mgongo kama mtu aliyebeba magunia miaka hamsini, mikono imefumbatana chini ya kidevu, macho yameelekea dirisha lililofungwa, na machozi yanamshuka bila yeye kupepesa, yanafuata mashavuni njia ambazo uso wa msichana hauna. Na nyuma yake Petro wa turubai alikaa hivyo hivyo, bega kwa bega, kama ndugu wawili waliokaa kumngoja baba. Ippolita alifungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Bwana," ilisema kwa adabu. "Ninyanyuke?"

Porzia aliingia akamkumbatia binti yake kiunoni, akamvuta. Hakusogea. Alikuwa mzito kama kinu cha jiwe. Alimvuta akilia kimya kimya, uso wake umegandamana na mgongo ule uliopinda, na hakumwachia mpaka kengele ya sala ya jioni ilipogonga. Hapo msichana akalegea ghafla na wote wawili wakaanguka sakafuni.

"Mama," Ippolita alisema, kwa sauti yake sasa. "Mbona niko huku?"

Siku ya pili alikuwa pale tena. Siku ya tatu kengele iligonga na hakulegea.

Zeza alikuja na majani mabichi ya ruta, chumvi ya mawe na sahani ya maji. Mtaa mzima ulimjua kwa mkono wake. Aliwatoa watoto kijicho, na mara moja alimfukuza jini aliyekuwa akikaba wapangaji wa nyumba ya tatu. Alimzungushia chumvi Ippolita, akamchapa taratibu mabegani kwa majani, akadondosha mafuta kwenye maji huku akinong'ona maneno ambayo mama yake alimpa usiku wa Noeli. Mafuta hayakutawanyika. Yalikaa katikati ya sahani, tone moja duara.

Kinywa cha Ippolita kikafunguka.

"Asante, mama," ilisema ile sauti ya mzee. "Usijichoshe. Mimi si kijicho."

Zeza aliweka sahani chini. Kisha alimwinamia.

"Wewe ni nani, basi?"

"Mimi nimekaa tu. Nangoja bwana aniambie."

Zeza alishuka hadi jikoni, ambako Porzia alikuwa akikoroga supu ya kabichi ambayo hakuna aliyeila.

"Shoga," alisema kwa sauti ya chini, "huyo si wa kufukuzwa na majani. Huyo ana haki yake humu ndani. Muulize mumeo."

"Kuuliza nini?"

"Mimi sijui. Ila mtoto hajala tangu Jumatatu. Magoti yamechubuka kwa kukunjwa. Akiendelea hivi hatafika Jumapili."

Porzia alimkuta Ferrante kitandani. Hakupaza sauti. Hakuwa na sauti ya kupaza. Alikaa ukingoni, akaweka mikono mapajani.

"Biase alikufaje?"

"Moyo. Nimeshasema."

"Nakuuliza tena."

"Nimechoka, Porzia."

"Sote tumechoka. Sema."

Nje muuza maji alipita akinadi kwa uvivu, sauti ikafifia. Ferrante alijifunika macho kwa mkono.

"Alishikwa na kifua," alisema. "Asubuhi. Akaniambia, bwana, nadhani nakufa, niitie padre. Ni hatua chache tu mpaka parokia, unajua mwenyewe. Nikamtazama. Alikuwa anaogopa. Majira yote ya baridi nilikuwa namwambia, Biase, fikiria dhambi zako, fikiria umemkana Bwana, na hakuwahi kunipa macho yale. Siku hiyo akanipa. Nikamwambia, padre anakuja, tulia hivyo hivyo, bado kidogo. Alitulia, Porzia. Alinitii. Nilipaka macho, nikapaka chozi, nikainua uso nimwambie tumemaliza, nikakuta ameshamaliza yeye."

Porzia aliutazama mkono uliofunika macho yale. Alikuwa na miaka mingi na mtu huyu. Alizika naye watoto.

"Na padre hukumwita hata baadaye."

"Angekuja kufanya nini? Na mimi ningesemaje?"

"Nyanyuka," Porzia alisema. "Twende ukamwambie anyanyuke."

Walipanda. Ferrante alisimama mbele ya kigoda, ndevu chafu, shati limemgandama kifuani. Hakuweza kumtazama binti yake wala turubai, kwa hiyo alitazama sakafu.

"Biase," alisema. "Basi. Tumemaliza. Nyanyuka, uende zako."

Mgongo uliopinda ulijaribu. Waliuona ukijaribu. Kisha ukarudi.

"Nikinyanyuka niende wapi, bwana?" mzee aliuliza bila hasira. "Ulisema padre anakuja."

Don Gaudioso, paroko wetu, alikuwa mtu mnene kabla ya tauni. Sasa ngozi ilimning'inia kama kanzu ya kuazima. Porzia alimkuta sakristia, nyuma ya altare, amekaa kwenye kiti akijipepea kwa mfuniko wa sanduku la hostia, na akamweleza yote bila kuficha la mumewe. Padre alimsikiliza mpaka mwisho.

"Donna Porzia, sakramenti ni za walio hai. Hata mtoto wa mafundisho analijua hilo. Mfu yuko mikononi mwa Mungu."

"Huyu yuko kooni mwa binti yangu."

"Basi tumwombe askofu mtoa pepo."

"Mtoa pepo atamfukuza. Hajaja kwa ubaya, padre. Anamtaka padre tu, kama mtu yeyote."

"Siwezi kumwondolea dhambi mtu aliyezikwa. Nikifanya hivyo nacheza na vitu vitakatifu." Aliendelea kujipepea, lakini polepole zaidi. "Halafu mimi ni mzee. Nimechoka. Mnajua ni watu wangapi wananijia?"

Porzia alikuwa amenuia kutolisema lile. Alilisema.

"Mwaka wa tauni, dada yangu alikuita kutoka dirishani. Alikuita mpaka sauti ikamkauka. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika asianguke. Tuliliona pazia lako likisogea, padre."

Mfuniko ulisimama hewani.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mtaa mzima. Hakuna aliyekusema, kwa sababu hakuna ambaye hakufunga mlango. Mimi sikuja kukusema. Nimekuja kukuita."

Don Gaudioso alinyanyuka kwa taabu akishikilia meza. Akachukua stola ya zambarau, ile skafu ya kuungamishia, akaibusu, akaikunja mfukoni kana kwamba anaiiba.

Ilikuwa saa ile ile ya mchana, mtaa umefungwa, mawe ya barabara yanachoma. Aliwaambia wote wabaki kwenye ngazi. Akaingia, akafunga mlango.

Walikaa pale watatu: Porzia, Zeza, na Ferrante aliyepiga magoti kwenye ngazi bila kuambiwa na mtu. Kwanza walisikia sauti ya padre ikisoma Kilatini harakaharaka, kama mtu anayepita makaburini. Kisha kimya. Kisha ile sauti ya mzee ikaanza, chini sana, bila kituo, nao wakaziba masikio kwa mikono kwa sababu maungamo ni maungamo hata ya mfu, na kwa muda mrefu walikaa hivyo, watu wazima watatu wameziba masikio gizani katika harufu ya kitunguu, huku ukuta waliouegemea ukipitisha mtetemo wa maneno mgongoni mwao, dhambi ndogo ndogo za mchukuzi, unga alioiba, mke aliyempiga, Misa alizokosa, yote yakipita mifupani bila wao kuyajua, mpaka mtetemo ukakoma, na wakaondoa mikono, na wakasikia padre akisema polepole sasa, neno moja moja, kama mtu anayeamini, "Nami nakuondolea dhambi zako."

Mtu alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mchukuzi anayetua gunia la mwisho la siku. Harufu ikaondoka yote kwa pamoja, kama shuka lililovutwa.

Mlango ulifunguka. Ippolita alitoka kwa miguu yake, ameshikilia ukuta.

"Nina kiu," alisema.

Zeza alimpokea mikononi, akambeba kama mtoto mdogo, analia na kumtukana kwa mapenzi. "Maji utapata, punda wewe. Utakunywa kisima kizima. Mzito kama mahari yako."

Porzia alitaka kuwafuata. Lakini Don Gaudioso alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu, stola imemlegea shingoni, uso umepoteza rangi. Hakuwa na sura ya mtu aliyemaliza.

"Ameenda, padre?"

"Ameenda."

"Mungu akulipe."

"Alipoondoka, Donna Porzia, alikuwa amesimama mbele ya mwingine." Alizungumza kwa kunong'ona, akitazama mikono yake. "Na huyo mbele ya mwingine. Nilidhani ni macho yangu, ni joto. Wamejaa chumba. Wamepita ukuta wanaendelea. Wengine nawajua kwa sura, wa mwaka ule wa tauni. Mwoka mikate. Wale mapacha wa kwa fundi viatu. Wamesimama tu kwenye mstari, kwa utaratibu, kama wamesikia kwamba hapa kuna padre."

Porzia hakuuliza kama dada yake alikuwemo. Padre naye hakumtazama.

"Wanahitaji mdomo," padre alisema. "Hawana wa kwao. Yule wa kwanza tayari ameshaweka mkono kwenye kigoda."

Wote watatu waligeuka kutazama chini, alikokuwa Ippolita, ambako walisikia maji yakimiminwa kikombeni na Zeza akigombeza.

"Si yeye," Ferrante alisema.

Alikuwa bado amepiga magoti. Alinyanyuka akishikilia ngazi, akavua viatu, akampita mkewe. Porzia alimshika shati. Alilishika kidogo tu, kisha vidole vyake vikafunguka, na wala yeye mwenyewe hakujua kama amemwachia au amechoka kumshika. Ferrante aliingia chumbani. Walisikia ubao wa kigoda ukilalamika chini ya uzito wake.

Don Gaudioso alipangusa uso kwa stola.

"Niletee kiti," alimwambia Porzia. "Chenye mgongo, kama unacho."

Jioni ile ile Ippolita alipelekwa kwa shangazi yake katika mji wa Nola, na Septemba aliolewa huko, mnene na mwenye kelele kama zamani. Hakurudi kulala katika nyumba ile tena. Watawa wa mlimani walikuja wakamchukua Petro wao juu ya mkokoteni, wamemfunika kwa shuka, na mpaka leo watu hupanda kwenda kulia mbele yake. Chumba kilibaki na kigoda na kiti, vimetazamana.

Kila mchana, mtaa ukishafunga madirisha, paroko hupita barabarani peke yake upande wa jua, kwa sababu upande wa kivuli, anasema, hakuna nafasi. Ferrante humsubiri juu. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na usiku huzungumza usingizini kwa sauti za wanawake, za watoto, za wazee wasio na meno, akiomba radhi kwa mambo ambayo hakuyatenda. Asubuhi huwa amechoka sana, lakini hula. Na Zeza anasema si pepo wote ni wa kutolewa. Wengine ni wa kuhudumiwa.

Porzia hukaa kwenye ngazi akishona. Hasikii kitu cha kutisha. Husikia nyayo tu, nyayo pekupeku, zikipanda taratibu na kusimama, zikisogea na kusimama, na baridi kidogo ikimgusa kifundo cha mguu kila mmoja anapopita. Mchana mmoja wa Agosti nyayo ndogo zilisimama karibu naye, na sauti ya mtoto ikamuuliza sikioni kwa heshima:

"Mama, wa mwisho hapa ni nani?"

Porzia alitazama chini kwenye ngazi tupu, kupitia mlango uliokuwa wazi, mpaka barabarani na mwanga wake mweupe.

"Sijui, mwanangu," alisema. Akakusanya sketi yake, akajisogeza ukutani. "Pita tu."